Vivuko Vyetu Navyo Vipewe Mwezi Wao wa Kupumzika

Wavuvi wa dagaa wa Ukerewe na Ukara hawaendi ziwani mwezi unapokuwa mpevu. Taa zao hazina kazi usiku wenye mbalamwezi, kwani dagaa huifuata taa gizani. Kwa hiyo siku hizo mitumbwi huvutwa nchi kavu, hupinduliwa, hukaguliwa ubao kwa ubao, na penye upenyo hukalafatiwa kwa pamba. Nyavu nazo hushonwa. Hakuna waraka wa Serikali uliowaamuru kufanya hivyo, wala hakuna mtaalamu aliyetoka Dodoma kuja kuwafundisha. Mwezi wenyewe ndio kalenda, na hasara ya siku zile imekwisha kuhesabiwa katika mapato ya siku nyingine. Hata mvuvi maskini asiye na akiba ya kesho anajua kwamba mtumbwi usiopumzishwa kwa hiari ya mwenyewe utajipumzisha, na mahali utakapopachagua ni katikati ya maji.

Chombo cha umma hakina mwezi wa namna hiyo. Kivuko huanza safari alfajiri na kufungwa kamba jioni, kesho yake vivyo hivyo, Jumamosi na Jumapili, Idi na Krismasi, mpaka siku kinapozima. Hapo ndipo mafundi huitwa, vipuri huagizwa, na abiria huambiwa wavute subira. Desturi hii ya kungoja mtambo ufe ndipo utibiwe imekaa nasi muda mrefu hata wengi wetu tunaidhania kuwa ndiyo maumbile ya mitambo. Kwa hakika ni uamuzi, ijapokuwa hakuna kikao kilichouandika katika kumbukumbu zake. Na kila mwaka ambao fungu la matengenezo hupunguzwa ili kuziba pengo la jambo jingine, uamuzi huo hutiwa saini upya.

Haifai kuwafanya wanaoutetea mtindo huo kuwa wajinga. Wana hoja, na hoja yao yafaa isikilizwe kabla ya kujibiwa. Mwenye gari zee la fahari, lile la milango miwili linalotolewa uani siku za sikukuu tu, aweza kabisa kungoja likwame. Likikwama Nyakato atashuka, atamwita fundi, na hasara yake itakuwa jasho, fedha kidogo na kuchekwa na wapita njia. Kwa nini abadilishe kitu ambacho hakijaharibika? Wataalamu wa mambo makubwa kuliko gari hilo waliwahi kuuliza swali hilo hilo. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la ndege la United la Marekani, Stanley Nowlan na Howard Heap, walitoa taarifa iliyotikisa imani ya mafundi wengi duniani. Walionyesha kwamba sehemu nyingi za ndege hazichakai kwa kufuata umri wake. Katika kila sehemu 100 walizozichunguza, zipatazo 11 tu ndizo zilizoelekea kunufaika na kuwekewa kikomo cha umri. Zile nyingine, kuzifungua na kuzifunga kwa ratiba hakukuongeza usalama, na mara nyingine fundi alifungua kitu kizima akakifunga kikiwa kibovu.

Basi anayesema kwamba si kila kitu kibadilishwe kabla ya wakati hakosei. Taa ya sitaha iachwe iwake mpaka iungue, madhali ya akiba ipo kabatini. Benchi la abiria lisubiri mpaka msumari wake ulegee. Lakini wahandisi wale hawakuishia hapo, na wanaopenda kungoja aghalabu husahau nusu ya pili ya maneno yao. Walisema ya kwamba kabla ya kuamua, mtu ajiulize kwanza: kitu hiki kikiharibika, kitafuata nini? Kama kitakachofuata ni usumbufu na gharama, na tupige hesabu, tuchague lililo rahisi. Kama kitakachofuata ni kifo cha watu, hesabu hiyo haipo tena. Hapo ni lazima itafutwe njia ya kuiona hitilafu kabla haijatokea, na njia hiyo isipopatikana, chombo chenyewe kibadilishwe umbo lake.

Tukikitazama kivuko kwa jicho hilo, mambo hujipambanua upesi. Bamba la chuma lililo chini ya kivuko halina la akiba kabatini. Likitoboka, hakuna pa kushuka. Tena hapa kwetu tuna jambo linalotudanganya: maji ya ziwa hayana chumvi, na chuma huliwa polepole kuliko baharini. Nahodha wa Tanga au Zanzibar huiona kutu ikimkabili mwaka hadi mwaka. Wa kwetu hukaa muda mrefu bila kuiona, akaamini haipo. Ipo. Hujificha nyuma ya rangi, chini ya maji machafu yanayotuama ndani ya tumbo la chombo, na kwenye maungio ya mabamba. Kuitambua hakuhitaji miujiza. Kuna kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi ambacho hupima unene wa bamba kwa kutuma mawimbi ya sauti ndani yake. Fundi huandika kipimo cha mwaka huu kando ya kipimo cha mwaka uliopita, na tofauti ya tarakimu mbili humwambia bamba lile limebakiza miaka mingapi. Ila ili kulipima vyema na kulitengeneza, chombo sharti kipandishwe chelezoni. Kwa kanuni za kimataifa, meli ya mizigo hukaguliwa sehemu yake ya chini si pungufu ya mara 2 katika kila miaka 5, na ya abiria kwa ukaribu zaidi.

Na mashine pia husema kabla hazijanyamaza. Oili ikigeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia. Joto likipanda kidogo kila juma huku mwendo ukiwa ule ule, njia ya maji ya kupozea imeanza kuziba, na sisi tulioishi na magugu maji tangu yalipolivamia ziwa hili tunajua yanavyoweza kuisonga njia hiyo. Fundi aliye makini huyaona hayo katika daftari la mashine, ikiwa daftari lenyewe hujazwa kwa kweli na si kwa kunakili tarakimu za jana.

Ziwa letu limekwisha kutoa ushahidi wa pande zote mbili. Meli ya MV Victoria ilijengwa Glasgow katika Uingereza, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa na kuunganishwa Kisumu, na mwaka 1961 ikaanza kazi. Katika miaka yake ya kwanza ilikuwa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na Kisumu palikuwa na karakana na mafundi wake. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, meli tulipata. Karakana ilibaki ng'ambo. Hata hivyo iliendelea kulikata ziwa kati ya Mwanza na Bukoba mpaka mwaka 2014, muda wa zaidi ya nusu karne. Kisha ikasimama. Ndugu zetu wa Kagera waliokuwa wakipakia ndizi jioni na kuamka nazo Mwanza walibaki na barabara peke yake, kuzunguka kwa njia ya Geita. MV Butiama, iliyokuwa tegemeo la watu wa Nansio, ilikuwa imekwisha kusimama kabla ya hapo. Meli zote mbili zilifufuliwa na kurudi majini mwaka 2020, na ufufuo wa Victoria peke yake uligharimu zaidi ya shilingi bilioni 22.

Hatulalamikii fedha hizo. Zilikuwa fedha njema na kazi iliyofanyika ni ya kujivunia. Tunachokiomba ni kwamba gharama ya kungoja ihesabiwe yote. Wanaotuambia kwamba matengenezo ya kila mwaka ni ghali huiweka bei yake kando ya sifuri, kana kwamba kungoja ni bure. Iwekwe kando ya zile bilioni, halafu iongezwe miaka ile ambayo meli ilifungwa gatini bila kuingiza senti, zikiongezwa nauli za mabasi na mizigo iliyooza njiani. Hesabu ya namna hiyo sijapata kuiona katika makabrasha ya kikao chochote nilichohudhuria. Pengine ipo mahali.

Kwa anayedhani kwamba utunzaji ni anasa ya wakati wa neema, historia ya ziwa letu jirani la Tanganyika inafaa kukumbukwa. Meli iitwayo leo Liemba ilijengwa Ujerumani, katika mji wa Papenburg, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande ikiitwa Goetzen. Vita vilipowalemea Wajerumani, Julai 1916, waliamua kuizamisha wenyewe ili isitekwe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walizipaka mashine girisi nzito kila mahali. Hebu fikiri: watu wameshindwa, adui yu karibu, meli inakwenda chini, na fundi bado anapaka girisi. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini. Na mashine zile zile za mvuke ziliisukuma mpaka miaka ya 1970. Ikiwa waliokuwa wakiikimbia meli yao walipata muda wa kuitunza, itakuwaje sisi tunaoitumia yetu kila siku tukakosa?

Nalazimika sasa kugusa majeraha, na wenye wafu wao wanisamehe. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyojengwa mwaka 1979 kubeba abiria 430, ilizama ikikaribia Mwanza. Hesabu rasmi ya waliopotea ilitaja watu 894, na makaburi ya Igoma yapo, kila mtu aweza kwenda kuyatazama. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka hatua chache kabla ya gati la Bwisya, kikitoka Bugolora siku ya gulio. Waliokufa ni 228 na waliookolewa ni 41. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa abiria 101.

Hapa msomaji mwerevu atanipinga. Atasema: Nyerere haikuzama kwa ubovu wa mashine. Ni kweli. Siku za msiba ule wakala wenye kivuko ulieleza kwamba mashine zake mbili zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa miezi michache tu kabla ya hapo. Hivyo mashine zilikuwa nzima na watu wakafa. Lakini na tujiulize ilikuwaje watu zaidi ya 260 wapande chombo cha watu 101. Walipanda kwa sababu kivuko kilikuwa ni kimoja, na gulio lilikuwa ni moja, na aliyeachwa gatini jioni ile hakuwa na kingine cha kumfikisha nyumbani isipokuwa mtumbwi. Upweke wa kivuko ndio uliowabana watu juu ya sitaha, na upweke huo huo ndio unaozuia kivuko chochote kupelekwa chelezoni kwa wakati wake. Ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Kutengeneza mashine na kuuacha upweke ni kutibu dalili ya pili na kuiacha ya kwanza iue.

Katika misiba yote miwili nilisikia ikisemwa kwamba ni amri ya Mungu. Sikatai; kila nafsi ina ajali yake, na mwenye msiba ana haki ya kujifariji kwa imani yake. Ila tuliokaa juu ya mkeka wa chuo tukifundishwa na walimu wetu tunakumbuka pia kisa cha yule bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga, akasema amemtegemea Mungu. Naye Mtume akamwambia amfunge kwanza, kisha ategemee. Faraja ni ya wafiwa. Mtumishi wa umma mwenye dhamana ya kamba hana ruhusa ya kujikinga nayo.

Mei 2024 ziwa lilitukumbusha tena, safari hiyo kwa upole. Meli kongwe ya MV Clarias, iliyokuwa ikihudumia Ukerewe, ilipinduka usiku ikiwa imefungwa katika bandari ya Mwanza Kaskazini, haina abiria. Hakuna aliyepoteza maisha. Lau ingetokea saa chache mapema, ikiwa njiani, tungekuwa tunazungumza lugha nyingine kabisa.

Mpaka hapa wakubwa wa ofisini wamebeba lawama peke yao, na wananchi wa visiwani huenda wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Wasiharakishe. Wilaya ya Ukerewe pekee ina visiwa 38, na kila anayeijua hali ya huko anajua kinachotokea kivuko kinapotangazwa kuondolewa kwa matengenezo. Simu hupigwa. Diwani hulaumiwa, mbunge huulizwa kama amelala, na katika mkutano wa hadhara kiongozi hukaribishwa kwa swali moja tu: mmetupelekea wapi kivuko chetu? Nasi viongozi, tukiwa wepesi wa kupenda kushangiliwa, huahidi kwamba kitarudi upesi. Fundi aliyehitaji majuma matatu hupewa siku tisa. Kazi iliyokusudiwa hukatwa: mashine zikaguliwe, mabamba yasubiri mwakani. Mwakani hadithi ni ile ile. Nimeyaona haya katika shughuli za Chama, na wala siyasemi kwa kumnyooshea mtu kidole. Kiongozi anayekinyima kisiwa kivuko kwa juma tatu wakati wa kiangazi huonekana mbaya, na yule anayengoja kizime chenyewe huonekana mwenzao katika dhiki. Siasa yetu humtuza wa pili.

Ndugu zetu wa visiwani wana haki ya kulalamika, kwa kuwa kuondolewa kivuko bila kuwekwa kingine ni mateso ya kweli. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anayetakiwa kufikishwa Bugando hawezi kuambiwa angoje chelezo. Kivuko kikiondoka, watu hurudi kwenye mitumbwi, na mitumbwi hujazwa kupita kiasi. Kwa hiyo kudai ratiba ya matengenezo peke yake, bila chombo cha kushika zamu, ni kudai watu wauawe kwa njia nyingine. Shina la jambo zima lipo hapo: hatuwezi kuchagua kuzuia badala ya kungoja mpaka tuwe na kivuko kimoja zaidi ya idadi ya njia zetu.

Na kwa bahati njema, mambo yamebadilika. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi, urefu wa kilomita 3 juu ya maji, na foleni ya malori iliyokuwa ikilala pale ikawa hadithi. Ng'ambo ile ilikuwa na vivuko vikubwa kuliko ng'ambo nyingine zetu nyingi, na daraja limeviondolea kazi yake pale. Kila wilaya yenye gati italilia fungu lake katika vyombo hivyo, na kila mbunge atakuwa na sababu nzuri. Ushauri wetu ni kwamba kimoja kati yao kisipewe njia yoyote. Kikae Mwanza, kikiwa na mabaharia wake na mafuta yake, kikiwa mali ya njia zote: kwenda Rugezi na Kisorya chombo cha huko kinapopumzika, kisha Kome na Nyakaliro, kisha Bugolora, kwa kadiri magati yanavyoruhusu. Kitaonekana kana kwamba kinakaa bure. Litatokea shinikizo la kukitumia, na mtu mwenye tarakimu atakuja kuonyesha kwamba chombo kilichofungwa gatini ni hasara. Ajibiwe kwamba hata zimamoto hushinda imeegeshwa.

Swali la fedha halikwepeki. Mwaka 1998 sheria ilirekebishwa na Mfuko wa Barabara ukaanzishwa, ili tozo iliyomo katika bei ya mafuta iende moja kwa moja kwenye matengenezo ya barabara, isije ikamezwa na mahitaji mengine. Waliobuni jambo hilo waliujua udhaifu wetu: fedha za matengenezo zisipofungiwa sanduku lake zitaliwa, kwa sababu barabara isiyotengenezwa mwaka huu bado itapitika mwaka huu. Sasa basi, mvuvi wa Ukara anayenunua petroli ya mashine ya mtumbwi wake huinunua kwa bei ile ile yenye tozo ndani yake. Anachangia lami asiyoikanyaga. Barabara yake ni maji, na lami yake ni bamba la kivuko. Hatudai kwamba Mfuko wa Barabara ugawanywe kesho asubuhi. Wenye mamlaka wana mahesabu yao na barabara zina njaa yake. Twadai kanuni ile ile itumike majini: sehemu maalumu ya nauli na ushuru unaokusanywa kwenye kila ng'ambo itengwe kwa chelezo na vipuri, iwekwe katika akaunti isiyoguswa kwa jambo jingine, na kila mwaka taarifa yake isomwe mbele ya baraza la madiwani.

Najua kitakachosemwa chini kwa chini, kwamba jambo hili halina sherehe. Ni kweli halina. Kivuko kipya huzinduliwa kwa ngoma, utepe hukatwa, vijana wa Chama huvaa sare, na picha hutoka gazetini, gazeti hili likiwamo. Hakuna mgeni rasmi aliyepata kualikwa kushuhudia oili ikibadilishwa. Nisingeshangaa kama wapo mafundi waliokwisha kuokoa mamia ya watu kwa kufunga parafujo moja vizuri, na wamestaafu bila mtu kulijua jambo hilo, wenyewe hawalijui. Ingekuwa vyema wakubwa wetu wa mkoa wakajizoeza kuzuru chelezo chombo kinapokuwa juu, wakaingia tumboni mwake kwa tochi, wakauliza kipimo cha bamba la mwaka jana kilikuwa kiasi gani. Swali moja la namna hiyo, likiulizwa na mkubwa mbele ya watu, litafanya daftari lijazwe kwa kweli kwa muda wa miaka miwili.

Mambo mengine yanaweza kuanza bila kungoja bajeti yoyote. Kila kivuko kina muda ambao abiria na mizigo hupungua; wakata tiketi wanaujua, na vitabu vyao vinauonyesha. Tarehe za kupumzisha zichaguliwe humo, mbali na siku za kufungua shule, mbali na mitihani, mbali na msimu ambao pepo za kusi huufanya mtumbwi kuwa hatari kuliko siku nyingine. Tarehe hizo zitangazwe mwaka mzima kabla. Mtu wa Ukara akiambiwa leo kwamba kivuko chake kitaondoka kwa majuma matatu mwakani, na kwamba kingine kitashika zamu siku ile ile, atapanga arusi yake na mahindi yake kwa kufuata hayo, kama alivyokwisha kupanga uvuvi wake kwa kuufuata mwezi. Anachokichukia ni kushtukizwa.

Kamati ya Ushauri ya Mkoa hukutana kabla makadirio ya mkoa hayajapelekwa Dodoma. Yafaa katika kikao chake kijacho Wakala wa Ufundi na Umeme uletwe na orodha ya kila kivuko cha Mwanza: umri wake, tarehe iliyopandishwa chelezoni mara ya mwisho, unene wa mabamba yake uliopimwa siku hiyo, na tarehe itakayopandishwa tena. Shirika lenye dhamana ya usalama wa vyombo majini nalo liwepo na lisaini. Pale penye nafasi tupu pasijazwe maneno. Paachwe patupu ili wajumbe waone. Kisha nakala ya orodha hiyo ibandikwe ukutani Kisorya, Rugezi, Bugolora, Bwisya, Nyakaliro na Kome, kando ya dirisha la tiketi, kwa maandishi makubwa yanayoweza kusomwa na mtu aliyebeba mtoto.